Rezo haiko? Tupime adresi kwanza, ndipo tulaumu
Maneno kwa vijana wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare

Ndugu na dada vijana wa Nyangwe, wa Kasongo, wa Kabambare, na ninyi wote munaotusoma mukiwa Kindu, Bukavu, Goma ao Lubumbashi,

Wazazi na wazee wetu muliokubali kukaa pamoja nasi,

Leo hatukuja kusoma memorandumu. Tumekuja kuongea juu ya kile kisanduku kidogo chenye antena, kinachowaka taa pembeni ya batri katika butiki, katika siberi, katika biro ya ushirika wa wakulima, katika dispanseri: ruta. Na ndani ya ruta, tunataka kuongea juu ya kitu kimoja kinachoharibika bila moshi na bila harufu. Kitu hicho ni adresi.

Mutatuuliza: vuguvugu la raia na ruta, wapi na wapi? Jibu ni hili. Tuko na desturi moja isiyotusaidia. WhatsApp ikikataa, maneno matatu yanatoka papo hapo. Wa kwanza anasema: "Kampuni inatuibia mega." Wa pili: "Serikali imekata intaneti." Wa tatu: "Ruta imekufa, tununue ingine." Kuna siku moja ya maneno hayo ni kweli. Lakini asiyepima hawezi kujua ni lipi. Anamlipa fundi kwa ugonjwa ambao haupo, anamtukana asiyekosa, na yule aliyekosa kweli anakaa kimya, anapona.

Sisi tunaomba wakubwa watoe hesabu. Basi mwenye kuomba hesabu aanze kwa kujua kosa liko fasi gani. Njo somo la leo.

Nyangwe na habari zake

Tukumbushane kwanza tuko wapi. Nyangwe hii, kando ya Lualaba, ilijulikana duniani kwa sababu ya soko lake. Watu walivuka mto kwa mitumbwi, wengi wao wanawake, wakileta vyakula, samaki, mafuta, vyungu. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipiga bunduki katikati ya soko hilo. Watu wengi sana walikufa, wengine kwa risasi, wengine ndani ya maji. Mgeni mmoja, David Livingstone, alikuwa hapo na aliandika alichokiona. Maandishi yake yalienda kwa miguu hadi Ujiji, yakabebwa na Stanley hadi pwani, na yakafika Uingereza mwaka 1872. Kilio kilichopigwa kule kilisaidia kusukuma mambo mpaka soko la watumwa la Zanzibar likafungwa mwaka 1873.

Munaona? Habari ya Nyangwe ilichukua karibu mwaka mzima ili ifike nje, na ilifika kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja mwenye karatasi. Leo kila mmoja wetu yuko na telefone mfukoni. Muuguzi anaweza kutuma ripoti, mwanafunzi anaweza kutuma dosie yake, mama wa butiki anaweza kupokea pesa ya simu kutoka kwa mteja, na raia anaweza kutuma foto ya daraja lililovunjika. Lakini kama ruta haitoi adresi, telefone hiyo iko kimya kama jiwe. Ndiyo maana kuelewa adresi si mambo ya mafundi peke yao.

Adresi ni nini?

Kila kifaa kinachoingia katika rezo kinahitaji namba yake: telefone, ordinatere, emprimante, kamera. Namba hiyo tunaiita adresi ya IP. Inaandikwa kwa mafungu manne, kwa mfano 192.168.1.25. Ruta nayo iko na yake, mara nyingi 192.168.1.1 ao 192.168.0.1. Fikiri kartie yenye nyumba nyingi: mafungu matatu ya mwanzo ni jina la kartie, fungu la mwisho ni namba ya nyumba. Katika ruta nyingi ndogo, ni hivyo.

Nani anagawa namba? Ni ruta yenyewe. Kazi hiyo ya kugawa inaitwa DHCP. Telefone ikiingia inasema, "Hodi, mimi mgeni, nipe namba." Ruta inajibu: "Chukua 25, kaa nayo saa 24." Kwa hiyo namba si zawadi, ni mkopo. Iko na muda. Mushike neno hilo, mkopo, tutalirudilia.

Adresi hizi zinazoanza na 192.168 ni za ndani. Tangu mwaka 1996 zimewekwa pembeni kwa matumizi ya nyumbani na ya ofisi, na kila mtu duniani anaweza kuzitumia kwake. Butiki ya Nyangwe na benki ya London zinaweza zote kuwa na 192.168.1.25, na hakuna kesi. Lakini ndani ya rezo moja, vifaa viwili haviwezi kuwa na namba moja. Hapo vita inaanza.

Milango minne

Rezo ikikataa, musikimbie kuzima ruta. Tupite milango minne, moja baada ya ingine. Mlango utakaokataa njo utakaosema ugonjwa uko wapi.

Mlango wa kwanza: kifaa changu kimepata adresi? Kwenye telefone, ingia katika Wi-Fi, gusa jina la rezo yako, angalia mistari ya chini. Kwenye ordinatere ya Windows, fungua dirisha jeusi la maagizo na uandike ipconfig. Ukiona 192.168 na kuendelea, ni vizuri. Kama telefone inazunguka tu kwenye maneno «Obtention de l'adresse IP», ao ordinatere inaonyesha namba inayoanza na 169.254, maana yake kifaa kiliomba namba na hakuna aliyejibu. Hiyo 169.254 ni namba ambayo ordinatere inajipa yenyewe ikikosa mwenyeji. Kampuni ya telefone haihusiki hapo hata kidogo. Ugonjwa uko ndani ya nyumba yako.

Mlango wa pili: kifaa kinafika kwa ruta? Katika mistari ileile kuna neno «passerelle». Hiyo ni adresi ya ruta, mlango wa kutokea. Andika namba hiyo katika programu yako ya intaneti, kama vile unavyoandika jina la saiti. Ukurasa wa ruta ukifunguka, mlango uko wazi.

Mlango wa tatu: ruta yenyewe imepata adresi kutoka kampuni? Ndani ya ukurasa wa ruta tafuta fasi imeandikwa WAN ao Internet. Ukiona 0.0.0.0 ao hakuna kitu, ruta haijapokelewa na kampuni. Kama ruta yako inatumia kadi SIM, usiseme haraka kwamba kampuni imekosa. Itoe SIM, itie katika telefone, angalia kama mega zimeisha na kama rezo inashika. Kama katika telefone inatembea na katika ruta inakataa, angalia APN, lile jina la mlango wa kampuni. Lazima liandikwe sawasawa na kampuni inavyotaka. Herufi moja ikikosekana, hakuna kinachopita.

Mlango wa nne: tunatoka nje? Katika dirisha jeusi andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni adresi ya Google iliyo wazi kwa wote. Ikijibu, njia iko. Sasa jaribu jina la saiti. Kama namba inajibu lakini majina hayafunguki, ugonjwa ni DNS, yaani kitabu kinachogeuza majina kuwa namba. Katika ruta, upande wa DNS, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1, hifadhi, jaribu tena.

Milango minne, dakika kumi. Hakuna makuta yanayotoka.

Magonjwa manne ya butiki na siberi

Sasa tuseme magonjwa yenyewe, yale yanayosumbua biashara ndogo.

La kwanza: namba zimeisha. Chukua siberi yenye ruta inayogawa kutoka 100 mpaka 149. Hesabuni: ni namba 50. Mkopo ni saa 24. Asubuhi wanapita wateja 30, wanaondoka. Mchana wanakuja wengine 30. Wale wa asubuhi wako nyumbani wanakula, lakini namba zao bado ziko mikononi mwao. Mteja wa 51 anaambiwa hakuna fasi, ingawa viti viko wazi. Yeye anasema, "Hapa rezo ni mbaya," anaenda. Mwenye siberi anazima ruta na kuiwasha, na yote yanapona. Kwa nini? Kwa sababu ruta nyingi ndogo zikizimwa zinasahau daftari la mikopo. Kesho ugonjwa unarudi. Dawa ya kweli ni mbili: panua mafungu, kwa mfano kutoka 50 mpaka 250, utapata namba 201, na punguza mkopo mpaka saa 2 badala ya 24.

La pili: wawili wenye namba moja. Fundi alikuja akaweka emprimante akaipa kwa mkono namba 192.168.1.105. Alienda. Hakusema na ruta. Ruta nayo inagawa kutoka 100 mpaka 149, na siku moja inampa mgeni namba 105. Tangu hapo emprimante inachapa asubuhi, mchana inakataa, jioni inachapa tena. Watu wanasema emprimante iko na pepo. Hakuna pepo. Ni watu wawili kwenye kiti kimoja. Dawa: vifaa visivyohama, kama emprimante na kamera, vipewe namba za nje ya fungu la wageni, tuseme 10, 11, 12. Ao ingia ndani ya ruta, uandikishe kwamba kifaa hiki, kila kikija, kipewe namba hii tu. Ruta nyingi zinaruhusu.

La tatu: wakubwa wawili ndani ya nyumba moja. Ruta ya kwanza haifiki chumba cha nyuma. Mwenye butiki ananunua ya pili, anachomeka waya kutoka ya kwanza. Zote mbili zinajiita 192.168.1.1, zote mbili zinagawa namba. Ruta ya pili inaona kartie moja mbele na nyuma, haijui barua iende upande gani. Dawa iko rahisi. Kabla ya kuunganisha, ingia katika ruta ya pili peke yake, ibadilishe adresi iwe 192.168.1.2, zima ugawaji wake wa DHCP, kisha chomeka waya katika tundu la LAN, si lile la WAN. Hapo inakuwa msaidizi. Mkubwa anabaki mmoja. Hata nyumbani munajua: wakubwa wawili wakitoa amri mbili, watoto ndio wanateseka.

La nne: ahadi ya uongo ya kamera. Muuzaji anasema: "Chukua kamera hii, nitafungua mlango katika ruta, utaona butiki yako ukiwa Kindu." Unalipa, na ukifika Kindu huoni kitu. Angalia adresi ya WAN. Kama inaanza na 10, ao iko kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya adresi moja ya nje. Wewe unaweza kutoka, lakini wa nje hawezi kubisha kwako moja kwa moja. Hapo kufungua mlango katika ruta ni kazi bure. Kamera inayofaa ni ile inayotoka yenyewe na kwenda kwenye huduma yake ya nje. Tuulize hilo kabla ya kutoa makuta.

Na kwa nini kampuni zinatuweka wengi nyuma ya adresi moja? Si kwa chuki. Adresi za aina hii ya zamani, duniani kote, ni karibu milyari 4.3 tu, na watu peke yao wamepita milyari 8. Akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Kwa Afrika anayegawa ni AFRINIC, iliyoko Morisi. Iko aina mupya ya adresi, IPv6, yenye namba nyingi kupita mahitaji yetu. Kuuliza kampuni zetu zitaitoa lini mpaka huku Maniema, hilo nalo ni swali la raia.

Kitundu cha sindano

Tuseme wazi juu ya kale katundu kadogo nyuma ya ruta. Kuzima na kuwasha ni kitu kimoja. Kuingiza sindano na kushika sekunde kumi ni kitu kingine kabisa: ruta inafuta kila kitu, APN, jina la Wi-Fi, neno la siri, namba za emprimante. Inarudi kama ilivyotoka dukani. Fundi anayeanza na sindano kabla ya kuangalia, musimpe ruta yenu. Kwanza mupige foto ya kila ukurasa: WAN, LAN, DHCP, APN. Foto hizo zihifadhiwe katika telefone mbili.

Na musiache neno la siri la ruta likiwa admin na admin. Kila aliyeshika Wi-Fi yako anaweza kuingia, akabadilisha DNS, na siku moja ukiandika jina la saiti unayoiamini unapelekwa kwenye ukurasa bandia unaofanana nayo. Huko unaandika siri zako mwenyewe, kwa mkono wako. Kwa mama anayeuza kwa pesa ya simu, hiyo ni mtaji wake wote.

Daftari ni silaha yetu

Sasa turudi kwa uraia. Kama mlango wa kwanza ao wa pili umekataa, kosa ni letu ao la fundi wetu. Turekebishe, tusimtukane mtu. Kama mlango wa tatu ao wa nne umekataa, mega zipo, APN ni sawa, hapo tuko na haki ya kuuliza. Lakini tuulize tukiwa na daftari. Andikeni: tarehe, saa, adresi ya kifaa, adresi ya WAN, 8.8.8.8 imejibu ao haikujibu. Fanyeni siku saba. Butiki tano zikileta daftari tano zinazosema kitu kimoja, hiyo si kelele tena, ni ushahidi. Kampuni ikikataa kusikia, nchi yetu iko na ARPTC, mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano, iliyowekwa na sheria ya 2002, na iko sheria mupya ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020. Sheria isiyotumiwa na raia inalala kabatini.

Na serikali ikikata kweli? Imeshatokea. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Siku kama hiyo tutaijuaje? Milango miwili ya kwanza inakuwa mizima, na wa nne unakataa kwa kampuni zote, katika kartie zote, saa ileile. Tukiwa na daftari, tutaweza kusema: ilikatwa saa fulani, ilirudi saa fulani. Na siku ambapo ni namba 50 tu zimeisha katika siberi moja, hatutapeleka uvumi katika Kasongo nzima kwamba nchi imefungwa. Uvumi nao unaua. Katika sehemu zetu hizi, ambapo watu wamekimbia mara nyingi, neno moja la uongo linaweza kufanya mama abebe watoto usiku aingie porini.

Tunaomba nini

Tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji ruhusa ya mkubwa.

Moja: katika kila kartie, vijana wawili, msichana na mvulana, wajue milango hii minne kwa moyo, na wawafundishe wengine bila kulipisha.

Mbili: kila butiki, siberi, shule na dispanseri yenye ruta ibandike ukutani karatasi moja: adresi ya ruta, namba za wageni zinaanzia wapi na kuishia wapi, namba ya emprimante. Neno la siri lisiandikwe hapo.

Tatu: kabla ya kuandika katika gurupu kwamba "rezo imekatwa", pima. Ukishapima, andika ulichokiona na saa uliyokiona.

Ndugu na dada, barabara yetu ni mbaya, umeme wetu ni pano na batri, na hayo tutaendelea kuyadai mchana na usiku. Lakini ile adresi ndani ya ruta iko mikononi mwetu tangu leo. Tusingoje mtu atoke Kinshasa aje kuipanga.

Maswali sasa, na wenye ruta inayosumbua wailete mbele, tuifungue wote pamoja.